Msanii Akijisikiliza

Mabango ya muziki yanayochapishwa Mbarara, Uganda, yana pozi zake: miwani myeusi, kidevu juu, mikono kifuani. Sina ugomvi nazo. Ila kazi ninayoisifu hapa ni nyingine, kumpiga picha msanii maarufu ndani ya chumba cha kurekodia, amezama kazini, kamera ameisahau.

Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongo ni wengi, na ukitaja Franco, nguli wa rumba ya Kongo, hakuna anayeuliza ni nani. Aliyempiga Franco picha hatajwi sana. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alikuwa fundi wa baiskeli na saa huko Kinshasa, tena akiuza vyuma chakavu. Mwaka 1954 Franco akamfanya mpiga picha wake rasmi. Depara alizunguka baa usiku na flashi yake, na baa zilimvumilia: palipo na magitaa, ngoma na vicheko, nani atausikia mlio wa kamera?

Chumba cha kurekodia hakina ukarimu huo. Kuta zimefunikwa magodoro, dirisha limezibwa, maiki inanasa hata pumzi. Kioo cha ndani ya kamera kikiruka, mlio wake umeshaingia kwenye wimbo na prodyuza anaanza upya, huku akikutazama. Ukitumia mfumo usio na mlio, baadhi ya taa za LED zitamchora msanii mistari usoni. Flashi usiiwaze kabisa. Unabakiwa na mwanga wa skrini ya kompyuta, lenzi iliyofunguliwa hadi mwisho, na subira ya wavuvi wa Ziwa Nakivale.

Wapiga picha wengi humngoja msanii aimbe. Mshipa wa shingo ukitokeza, wanabonyeza. Kwangu mimi hapo ni mapema mno, maana mwimbaji huigiza hata akiimbia ukuta. Kazi yenyewe huonekana prodyuza anaporudisha sauti. Msanii anajisikiliza, kiganja kimebana hedifoni, macho yako wazi lakini hayaoni kitu. Panapofika neno alilolitamka vibaya, uso unajikunja kabla hajasema lolote. Awe staa wa kujaza viwanja au kijana wa Rubondo aliyelipia saa moja tu, uso huo ni uleule.

Na wakati huo maiki hairekodi, kwa hiyo kamera ina ruhusa ya kulia. Bonyeza upesi. Akiinua macho tu, atakumbuka kwamba yeye ni maarufu.