Nyumba, Tarehe na Mwenye Kuitwa Usiku: Uhakiki wa Vipimo vya Usalama na Udumu wa Mtoto katika Malezi ya Kambo, kwa Kuzingatia Kata ya Isansa, Wilaya ya Mbozi

Sehemu hii inahakiki vipimo vinavyotumika kueleza iwapo mtoto anayelelewa na mtu asiye mzazi wake yu salama, na iwapo malezi yake yana udumu. Neno udumu limetumika hapa kwa maana mahususi: hali ya mtoto kuwa na watu na mahali ambapo hatarajii kuondolewa. Vipimo vyenyewe havikubuniwa kwa ajili ya mahali kama Isansa, kata ya wakulima wa kahawa na mahindi katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Hilo peke yake si kosa, kwani hata mizani ya kupimia kahawa haikubuniwa Mbozi na bado inapima. Swali ni kwamba vipimo hivi vinapima nini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba vinahesabu nyumba na tarehe, ilhali kinachomlinda mtoto wa Isansa, na pengine kinachomwumiza, ni mtu anayewajibika kwake.

Asili ya vipimo

Msamiati wa usalama na udumu kama matokeo yanayopimika ulipata nguvu nchini Marekani baada ya sheria ya mwaka 1997 kuhusu kuasili na familia salama. Sheria ile iliweka mbele usalama wa mtoto, kisha ikaharakisha uamuzi juu ya mustakabali wake: mtoto akikaa katika malezi ya serikali kwa miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo linapaswa, isipokuwa kwa sababu maalumu, kufungua shauri la kuwaondolea wazazi haki zao. Ukaguzi wa serikali kuu uliofuata ulipanga matokeo katika makundi matatu, yaani usalama, udumu na ustawi. Miongoni mwa viashiria vyake vya kitakwimu ni kiwango cha watoto wanaopata makao ya kudumu ndani ya miezi 12, kiwango cha wanaorejea tena katika malezi ya serikali, idadi ya kuhamishwa kwa kila siku 1,000 za malezi, na idadi ya matukio ya kutendewa vibaya kwa kila siku 100,000 za malezi.

Mhakiki mwadilifu hana budi kukiri kwamba viashiria hivi vilijibu tatizo la kweli. Watoto walikuwa wakikaa miaka mingi mikononi mwa serikali, wakipitishwa nyumba hadi nyumba kwa watu wasiowajua, bila yeyote kuulizwa mwisho wake ni lini. Katika mazingira hayo kila kuhama ni kukatwa upya, na tarehe ni ngao ya mtoto. Dosari inaanza pale kipimo kinapochukuliwa kikaachwa nyuma kile kilichokifanya kiwe na maana, yaani kwamba mtoto yumo katika orodha ya mtu fulani tangu siku ya kwanza.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2009 wa kupima viashiria vya watoto walio katika malezi rasmi una viashiria 15, ambapo 12 ni vya kitakwimu na 3 ni vya sera. Jina lake linasema ukweli: ni mwongozo wa malezi rasmi. Mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake baada ya mazishi, kwa uamuzi wa kikao cha ukoo, hamo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka huohuo, inayatambua malezi yasiyo rasmi na kuzitaka nchi ziwahimize walezi wa aina hiyo kutoa taarifa kwa mamlaka. Lakini kutambua si kuhesabu. Wala upofu huu si wa nchi maskini tu. Gupta-Kagan (2020) ameonesha kwamba hata Marekani kuna watoto wanaohamishiwa kwa ndugu kwa shinikizo la maafisa bila amri ya mahakama, na kwa sababu hiyo hawaonekani katika takwimu zilezile zinazosifiwa kwa ukamilifu wake.

Sheria ya nyumbani

Tanzania ina Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 na kanuni za malezi ya kambo za mwaka 2012. Mlezi anaomba, afisa ustawi wa jamii anachunguza, mtoto anakabidhiwa na anafuatiliwa. Sheria hiyohiyo inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za kuvunjwa kwa haki za mtoto wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa. Baadaye mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, uliweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji. Kwa maandishi, basi, ngazi zipo. Hata hivyo, Isansa malezi mengi ya mtoto wa mwenzio hayaanzi kwa maombi. Yanaanza kwa msiba, kwa ndoa mpya, kwa mama aliyekwenda Tunduma kutafuta biashara mpakani, au kwa sababu tu shule iliyo karibu na nyumba ya mjomba inasifiwa zaidi. Goody (1982), akiandika juu ya Afrika Magharibi, alitenganisha malezi yanayotokana na janga na malezi yanayokusudiwa kumjenga mtoto. Isansa mambo hayo mawili hukaa katika nyumba moja, na mara nyingine kwa mtoto mmoja: alipelekwa kwa sababu ya janga, akabakizwa kwa sababu ya shule.

Lugha ya dodoso

Kwa kuwa tasnifu hii ni ya taaluma ya Kiswahili, inafaa tukae kidogo kwenye maneno, maana kipimo chochote cha kijamii ni swali kabla hakijawa namba.

Neno rasmi ni malezi ya kambo. Yeyote aliyekua akisikiliza ngano anajua mzigo wa neno hilo. Mama wa kambo ndiye anayempa mtoto makombo na kumtuma kisimani usiku, na methali imekwisha kutoa hukumu: mama wa kambo si mama. Mwanamke wa Isansa aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake hajioni kuwa wa kambo. Yeye ni mama mdogo au mama mkubwa, na neno mama hapo si la heshima tu, ni la wajibu. Akiulizwa kama anatoa malezi ya kambo atajibu hapana, tena kwa kuudhika kidogo, na mdodosaji ataandika hapana. Kwa jibu hilo moja mtoto ametoka nje ya uchunguzi.

Upande wa pili wa ukoo kuna shida iliyo kinyume chake. Baba mkubwa ni baba. Mtoto akiulizwa anaishi na nani atasema, naishi na baba, naye hadanganyi. Wadodosaji wazoefu hulikwepa hilo kwa kusema baba mzazi, na tafiti za kitaifa za demografia na afya zimezoea kuuliza iwapo wazazi wa mtoto wako hai na iwapo wanaishi katika kaya hiyo. Swali hilo ni zuri kwa kuhesabu watoto wasioishi na wazazi. Halituambii ni nani kati ya watu wazima sita wa kaya anayejua kwamba mtoto huyu hali chakula cha mchana.

Usalama nao huulizwa kwa njia ya taarifa zilizofika ofisini, na ofisini hufika machache. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walipata ukatili wa kimwili. Na takribani nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu yeyote. Kijiji chenye taarifa sifuri, kwa hiyo, kinaweza kuwa kijiji salama au kijiji kilichonyamaza, na kiashiria hakiwezi kuvitofautisha. Aidha, sheria yenyewe inakataza adhabu isiyo ya kiasi badala ya kukataza kipigo chote. Kiasi hicho hupimwa na nani, saa tatu usiku, mlango ukiwa umefungwa?

Fasihi imelitazama jambo hili kwa jicho kali kuliko madodoso. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea anabaki yatima wa mama na kulelewa Tanga katika nyumba ya jamaa yake, ambaye mumewe, Juma Mbelembele, hampendi. Tukimjazia Kongowea fomu atapata alama nzuri: yuko kwa jamaa, nyumba ni moja, shule anasoma. Safari yake ya kumtafuta baba nchini Kenya ndiyo itakayosajiliwa kuwa kasoro, kwa jina la utoro au kuvunjika kwa malezi. Msomaji anafahamu mateso yake kwa sababu msimulizi ni Kongowea mwenyewe. Ingesimuliwa na Mbelembele, tungekuwa na riwaya nyingine kabisa, na bila shaka takwimu nyingine.

Kisa cha mtafiti

Utaratibu wa uandishi wa tasnifu unamtaka mtafiti aeleze nafasi yake mbele ya mada, na hapa nafasi hiyo haiwezi kuelezwa kwa sentensi moja. Mtafiti amekulia Isansa, na kati ya umri wa miaka saba na kumi na tatu alilelewa katika nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bibi, ambaye alifariki. Ya pili ilikuwa ya jamaa upande wa baba, na huko alipigwa, si kwa kiasi chochote ambacho sheria ingekitambua. Ya tatu ilikuwa ya mama mkubwa, na ndiko alikomalizia shule ya msingi.

Aliyemwondoa katika nyumba ya pili hakuwa afisa. Alikuwa mama mkubwa huyohuyo, aliyekuja wakati wa kuchuma kahawa, akamwona mtoto akishindwa kuinua debe, akamwambia avue shati. Hakusema neno mbele ya wenyeji. Jioni aliomba kikao, wazee wakakaa, na siku ya tatu mtoto alikuwa njiani na mfuko wake wa nguo. Kwa kipimo cha kuhama kwa kila siku 1,000, tukio hilo ni hasara: nyumba ya tatu katika miaka sita, kukosekana kwa uthabiti. Kwa mtoto mwenyewe ndiyo siku aliyolala bila kusikiliza hatua za mtu mlangoni. Naye alikuwa na udumu muda wote ule, kwa maana iliyo ya msingi zaidi: tangu bibi alipofariki palikuwa na mtu mmoja aliyejua kwamba huyu ni wake wa kumfuatilia, hata alipokuwa akilala kwingine.

Kama kisa kingeishia hapo, mtafiti angejiunga na wale wanaosema ukoo unatosha, na wako wengi, hata miongoni mwa wasomi wetu. Hakiishii hapo. Kikao kile kilitoa uamuzi juu ya mtoto, hakikutoa uamuzi juu ya nyumba. Hakuna aliyeandika. Jambo lilikuwa la ndani, na wazee walitaka libaki la ndani ili ndugu wasivunjike. Mwaka uliofuata mtoto mwingine wa ukoo, mdogo zaidi, alipelekwa katika nyumba ileile, kwa sababu ilikuwa na nafasi, ilikuwa na ng'ombe wa maziwa, na katika kumbukumbu zote zinazosomeka haikuwa na doa.

Hapo ndipo uhakiki huu unapoachana na utetezi wa jadi. Mfumo wa ukoo unamwona mtoto na kuisahau nyumba. Mfumo wa ofisi unaisajili nyumba, inapopata bahati ya kuisajili, na kumwona mtoto kwa tarehe za kuingia na kutoka. Mtoto wa pili alianguka katika ufa ulio katikati ya mifumo hiyo.

Kinachopendekezwa

Mtafiti hapendekezi kutupa viashiria vilivyopo. Kwa watoto waliokabidhiwa rasmi, na kwa walio katika makao ya watoto, kuhesabu siku na kuhama kunafaa, na kuendelee. Kwa malezi ya ukoo, swali la kwanza la udumu liwe hili: mtoto huyu akiugua usiku, ni nani anayeitwa hata kama haishi naye? Mtoto aulizwe peke yake, na mlezi aulizwe peke yake. Majina yakilingana, na yakilingana tena baada ya mwaka, pana udumu hata kama nyumba zimebadilika. Mtoto asipokuwa na jina la kutaja, hakuna udumu, hata kama hajawahi kuhama tangu azaliwe.

Swali la usalama litafute mlango wa pili: ukipigwa nyumbani unakwenda kwa nani, na umewahi kwenda? Namba 116 ya simu kwa mtoto ni mlango wa namna hiyo kwa aliye na simu. Isansa mlango wa karibu zaidi huwa ni shangazi au mwalimu, na pengine jirani mwenye mdomo. Kuhama, nako, kuandikwe pamoja na sababu yake na jina la aliyeamua, ili kuokolewa kusihesabiwe pamoja na kutupwa.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, kwa kuwa linagusa heshima ya watu wazima. Kamati ya kijiji iandike nyumba. Kila mtoto anapoondolewa kwa kutendewa vibaya, hata kwa uamuzi wa kikao cha ndugu, daftari lioneshe ametoka wapi, na mtoto mwingine asipelekwe huko kabla afisa ustawi wa jamii hajafika. Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba wazee wataacha kuwaondoa watoto wakijua kwamba jina la ndugu yao litaandikwa. Huenda. Mtafiti amelitafakari pingamizi hilo kwa muda mrefu na hana jibu linalomridhisha. Mtoto yule wa pili alikaa katika nyumba ile miaka minne, bila kuhama hata mara moja.