Mlango wa kioo uwekwe wapi? Uhakiki wa umbo katika nyumba ya Ngamiani

Nyumba ya Ngamiani husomwa kuanzia barazani. Ukivuka reli kutoka upande wa bandari, ukaingia katika mitaa ile iliyonyooka ambayo watu wa Tanga huitaja kwa namba, utakuta nyumba za zamani zina mpango mmoja: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita kati ya vyumba vya kushoto na kulia, kisha ua wenye jiko, choo na kamba za kuanikia. Kila hatua inapunguza watu. Mpita njia huishia barazani, mgeni huishia ukumbini, na uani hufika jamaa na mashoga wa mama mwenye nyumba. Mlango wa mbele ndio unaoanzisha mpangilio huo wa heshima, kwa hiyo anayeubadilisha anagusa zaidi ya urembo.

Siku hizi nyumba ikikarabatiwa, mlango unaotamaniwa ni wa kioo na alumini, ule wa kuslaidi. Wapo wanaoubeza kuwa ni uigaji, wapo wanaousifu kuwa ni maendeleo, na sioni kama pande hizo mbili zimeutazama wenyewe. Nataka kuutazama kama mhakiki anavyotazama shairi: viungo vyake, namna vinavyoshikana, na kile ambacho umbo lake linaahidi.

Tuanze na ule unaoondolewa. Mlango wa kale wa pwani, wa aina ambayo bado inaonekana Pangani, Bagamoyo na Unguja, una vipande viwili vya mbao vinavyokutana kwenye mfaa, mti wa katikati uliopigiliwa kwenye kipande kimoja. Miimo husimama pande mbili, vizingiti hulala juu na chini, na vipande hufunguka kwa ndani. Nakshi, pale zilipo, zinamtazama aliye nje. Mlango huo husema yake yote ukiwa umefungwa: huyu ni nani, ana uwezo gani, anamcha nani. Mingi ya Ngamiani haina nakshi za fahari kiasi hicho, lakini sarufi yake ni ileile. Mwenye nyumba anapoufungua, anarudi nyuma hatua moja pamoja na ubao, na hatua hiyo ndiyo nafasi anayompa mgeni.

Mlango wa kuslaidi hauna hatua hiyo. Kipande kinakwenda kando, na watu wawili wanajikuta uso kwa uso bila kupeana nafasi. Kubwa zaidi, hodi inachelewa. Kwa desturi yetu hodi hupigwa na asiyeona. Anaomba ruhusa ya kuona, na kuingia kunafuata. Mbele ya kioo mgeni ameshamwona mama aliyejilaza kwenye mkeka kabla hajafungua kinywa. Atapiga hodi kwa adabu zake zote, lakini alichokuwa anakiomba ameshakipata.

Mtu atasema kioo kina siri yake mchana, na ni kweli. Nje kunapokuwa na mwanga mwingi kuliko ndani, aliye nje huona zaidi kivuli chake mwenyewe na mwembe wa jirani. Magharibi ikiingia na taa ya ndani ikawashwa, mambo yanageuka: wa ndani haoni nje, na barabara nzima inamwona yeye. Matokeo yake ni pazia zito linalofungwa tangu jioni, na katika nyumba nyingi halifunguliwi tena hata mchana. Mlango ulionunuliwa kwa ajili ya kuona unaishia kufunikwa kitambaa.

Sasa umbo lenyewe. Mlango wa kawaida wa kuslaidi una vipande viwili na reli mbili zilizolala sambamba. Kipande kimoja kinapoteleza, kinasimama nyuma ya mwenzake. Maana yake ni kwamba uwazi wa mita 2 ukutani unatoa njia isiyotimia hata mita 1, kwa kuwa nusu ya mlango daima imefungwa. Mlango wa mbao wa vipande viwili katika uwazi huohuo ungefunguka wote. Hapa ndipo ninapoona kasoro kuu ya umbo hili kwa pwani yetu: kwa macho unatoa ukuta mzima, kwa upepo unatoa nusu. Nasi tunaishi kwa upepo. Kaskazi hutujia katika miezi ya joto, kusi hufuata kuanzia masika, na ukumbi mrefu wa nyumba ya Ngamiani una kazi ya kuupitisha upepo huo kutoka barabarani hadi uani. Ukiuziba nusu mwanzoni, vyumba vyote vinavyoutegemea vinapata nusu.

Joto nalo. Kioo hupitisha mwanga wa jua ukaingia, kisha huzuia joto lake lisitoke kwa urahisi. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko juu ya paa na upenu wa kawaida unalizuia. Jua la saa kumi jioni liko chini, linaingia chini ya upenu wowote. Mlango wa kioo unaotazama magharibi bila kivuli cha mti au ukuta ni adhabu.

Haya yote hayapunguzi ufundi wake, na nimeupenda tangu nilipokaa kutazama ukifungwa. Fundi makini hapimi uwazi mara moja. Anapima upana juu, katikati na chini, kisha anapima pembe kwa pembe kujua kama uwazi umepinda, na fremu anaitengeneza kwa kipimo kidogo kuliko vyote, akipunguza milimita chache za kuchezea. Pimamaji hulala juu ya reli ya chini kabla ya skrubu ya kwanza, maana reli ikiinama kidogo tu mlango utatembea wenyewe. Vipande huingizwa kwenye mfereji wa juu kwanza, vikanyanyuliwa, kisha vikashushwa taratibu magurudumu yakae kwenye reli. Skrubu ndogo ya pembeni huinua au kushusha gurudumu mpaka kipande kisimame sawa na fremu. Uzito si mchezo: kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba, basi kipande cha mita 1 kwa mita 2 ni kilo 30 za kioo kabla ya alumini. Uzito wote huo unatembezwa kwa kidole.

Reli ya chini ndiyo kizingiti kipya, na inadai huduma. Mchanga wa barabarani huingia humo na kusaga magurudumu. Chumvi ya bahari hula skrubu za chuma. Matundu madogo ya kutolea maji upande wa nje yasizibwe kwa silikoni, la sivyo mvua ya masika itajaa kwenye mfereji na kumwagikia ndani. Na fremu ya alumini haibebi ukuta. Nyumba ya zamani ya miti na udongo ikitobolewa uwazi mpana bila lenta juu yake, ni hatari kwa wanaolala humo.

Basi uamuzi wangu ni huu. Mbele pabaki mbao. Mlango wa kioo uwekwe mwisho wa ukumbi, unapotazama ua. Pale umbo lake linapata maana: ukuta wa ua umeshalinda stara, mama anaona jikoni na watoto wanaocheza bila kuinuka, na mwanga unaingia kwenye ukumbi uliozoea giza. Uwe wa vipande vitatu juu ya reli tatu, ili theluthi mbili zifunguke kwa upepo. Uwe chini ya upenu mpana, wenye wavu wa mbu, na kioo chake kiwe kilichoimarishwa kwa moto, kinachovunjika punje punje badala ya vipande vyenye makali, kwa sababu watoto watakigonga. Kioo hicho hakikatwi tena kikishatoka kiwandani. Kwa hiyo, mwenye nyumba, usiagize kioo kabla ukuta haujapigwa plasta na fundi hajapima mara ya mwisho.