Mwindo Hana Mwenyewe

Kutoka mji wa Baraka hadi Walikale kwa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, ni mbali, lakini hongera zangu zivuke milima. Ziwafikie watambaji wa karisi, utendi wa Wanyanga, waliolea mashujaa na mahasimu wa pamoja kabla ya Marekani kuchapisha vibonzo.

Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliimba habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, na mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck akaziandika. Baadaye Biebuyck alichapisha masimulizi ya watambaji wengine: jina ni lilelile, mambo si yaleyale. Shujaa hakuwa na hatimiliki.

Ninachokipenda zaidi ni adui. Shemwindo, baba wa Mwindo, anataka mabinti tu, anamfungia mwanawe ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, kisha anakimbilia kuzimu kwa Muisa. Mwindo anamfuata, anamrudisha, na mwisho wanagawana ufalme. Adui wa aina hiyo huwezi kumtupa ukurasa wa mwisho.

Naye shujaa mwenyewe, mpenda majigambo (mno, kusema kweli), anamuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, radi. Nkuba anampandisha angani akaonje baridi, mvua na jua kali.