Neno "Honest" katika Tamthilia ya Othello

Wanafunzi wetu watuulizapo maana ya neno la Kiingereza "honest", huwajibu upesi: mkweli. Jibu hilo latosha sokoni. Halimtoshi msomaji wa Othello, tamthilia aliyoitunga Shakespeare yapata mwaka 1604.

Mhakiki Mwingereza William Empson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alilihesabu neno hilo pamoja na nomino yake katika tamthilia hii, akapata mara 52. Hesabu ni hesabu. La kuangaliwa zaidi ni nani alisemaye, na amwambia nani.

Asili yake ni Kilatini, nako lilihusu heshima. Zama za Shakespeare mwanamume alisifiwa kwalo kwa ukweli wake. Mwanamke alisifiwa kwa kutomjua mume asiye wake. Tena bwana aliweza kumwita hivyo mtu wa chini yake, kwa upole wenye dharau kidogo, kama tusemavyo "huyu kijana wetu ni mtu mwema" hali hatuna nia ya kumpandisha cheo. Hapo ndipo penye sumu. Iago ni mshika bendera aliyenyimwa unaibu wa jemadari, cheo alichopewa Cassio. Kila asifiwapo kwa neno hili hukumbushwa mahali pake. Naye mwenyewe, tangu onyesho la kwanza, alitumia kwa watumishi wapumbavu wanaozeeka katika utii, akiwaona wastahili viboko.

Othello ana neno moja kwa watu wawili. Kadiri Iago anavyozidi kulistahili machoni pake, ndivyo Desdemona anavyolipoteza, hata auawe. Bianca naye, atukanwapo na Emilia kuwa kahaba, hulidai neno lilo hilo kwa ajili ya maisha yake.

Mfasiri afanyeje? "Mkweli" haifai, kwani hakuna asemaye mke mkweli akakusudia usafi wa ndoa. Sisi twapendelea "mwaminifu", lenye amana ndani yake: askari, rafiki na mke wote huaminiwa kwa kitu. Ile dharau hupotea, twakubali. Mwigizaji na ailete kwa sauti. Lakini mfasiri abadilishaye neno kila ukurasa, akidhani ndio ufasaha, huharibu mchezo. Mwishoni Emilia ashangaapo kutajiwa mumewe, Othello hulirudia neno hilo mara mbili mfululizo juu ya Iago, na maiti ya Desdemona i kitandani.