Namba 4.0 haitoshi: kuusoma mwongozo wa TCU ukiwa Geita au Shinyanga

NECTA ikishatoa matokeo ya Kidato cha Sita, sidhani kama kuna riwaya ya Kiswahili inayofunguliwa na vijana wengi ndani ya wiki mbili kama mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Unafunguliwa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kule Katoro, kwenye steshenari za Kahama, kwenye sebule za Shinyanga mjini ambako mjomba anayejua Kiingereza ndiye anayesoma kwa sauti. Kitabu kinachosomwa na watu wengi namna hiyo kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki vitabu vingine, na leo nakihakiki kwa swali moja tu: kinamsaidiaje kijana anayetaka kusoma sayansi ya kompyuta kupanga orodha ya vyuo ambayo haitamwacha nyumbani?

Nianze na sifa zake, maana zipo. Kila kozi ina mstari wake: jina, namba ya kozi, sifa za kujiunga, alama za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Tangu 2017, mwombaji anapopeleka maombi moja kwa moja chuoni badala ya kupitia ule mfumo wa pamoja ulioanza 2010, kitabu hiki ndicho kinachomlinda asidanganywe na chuo kinachotangaza kozi isiyo na kibali. Kozi isiyomo humo, achana nayo. Kama sheria, kimeandikwa vizuri.

Tatizo linaanza pale watu wanapokisoma kama ramani.

Chukua safu ya alama za chini. Kwa kozi nyingi za kompyuta utakuta 4.0. Kijana wa Nyarugusu mwenye alama 5 anaona 4.0 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaona 4.0 Dodoma, anaona 4.0 Mbeya kwenye MUST, anaona 4.0 kwenye chuo cha binafsi ambacho hajawahi kukisikia. Anahitimisha kwamba vyuo vyote vinne vinamfaa sawasawa, kwa hiyo anachagua vile vyenye majina makubwa. Kumbe 4.0 ni mlango wa kuingilia uwanjani tu. Inakuambia nani anaruhusiwa kuomba, haikuambii nani alipata mwaka jana. Chuo chenye waombaji wengi kuliko nafasi kitawapanga kuanzia juu kushuka, na mstari wa mwisho utaangukia pale nafasi zinapoisha, ambapo panaweza kuwa mbali sana na 4.0.

Halafu hizo alama zenyewe. Hapa naomba twende taratibu, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama na mwongozo hauna mfano hata mmoja wa kueleweka. NECTA wanapopanga madaraja, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na namba ndogo ndiyo nzuri. TCU wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na namba kubwa ndiyo nzuri. Zaidi ya hapo, kwa kozi nyingi TCU hawajumlishi masomo yote matatu ya tahasusi. Wanajumlisha masomo mawili yanayotajwa na kozi husika.

Tuseme binti amemaliza PCM akiwa na Fizikia D, Kemia B, Hisabati E. Kwa NECTA ana alama 11, daraja la pili, na nyumbani wamechinja kuku. Sasa mpeleke kwenye kozi inayodai Fizikia na Hisabati: 2 + 1 = 3. Hafiki hata 4.0, ombi lake halina uhai. Kozi inayokubali Hisabati pamoja na Kemia: 4 + 1 = 5, anaruhusiwa. Kozi inayokubali masomo yoyote mawili ya sayansi, kisha ikatosheka na ufaulu mdogo zaidi wa hesabu: 4 + 2 = 6. Mtu mmoja, cheti kimoja, alama tatu tofauti. Kwa hiyo swali la "nina alama ngapi?" halina jibu mpaka utaje kozi, na safu ya kusoma kwa makini kuliko zote ni ile ya sifa za kujiunga, ile yenye maandishi madogo ambayo watu wanairuka wakikimbilia namba. Ipo kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kisheria, chenye "au" na "pamoja na" zilizosukwa ndani ya sentensi moja. Ukisoma "au" moja vibaya umepoteza ada ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000, na pengine umepoteza awamu nzima.

Sasa kuna ushauri unaozunguka kwenye video na kwenye makundi ya WhatsApp, uliotoka Marekani: gawa orodha yako mafungu matatu, vyuo vya ndoto, vya saizi yako, na vya uhakika. Nimeona watu wakiubeza kuwa ni wa kizungu. Mimi naona hesabu yake ni sahihi, ila sababu inayotolewa ndiyo dhaifu. Wanasema "ukiomba vingi lazima kimoja kitakukubali." Hebu tuangalie.

Umeomba vyuo vitatu, na kila kimoja una nafasi ya 50%. Kama majibu ya vyuo hivyo hayategemeani, kama vile kurusha sarafu mara tatu, uwezekano wa kukosa vyote ni 0.5 × 0.5 × 0.5, yaani 12.5%. Siyo mbaya. Lakini vyuo vyetu havirushi sarafu. Havikufanyii usaili, havisomi insha yako, haviulizi kama uliwahi kutengeneza redio ya baba. Vyote vinatazama cheti kilekile cha NECTA. Kama mwaka huu wenzako wamefaulu sana Hisabati, mstari unapanda kote kwa mpigo. Ikiwa vyuo vitatu vina mvuto sawa na vinatumia kigezo kilekile, kukosa kimoja maana yake karibu umekosa vyote: uwezekano wa kubaki nyumbani unasogea kutoka 12.5% kuelekea 50%. Umelipa 30,000 kununua tiketi tatu za namba ileile.

Sasa panga ngazi badala yake: kimoja una 20%, kimoja 50%, kimoja 95%. Kama havitegemeani, kukosa vyote ni 0.8 × 0.5 × 0.05, yaani 2%. Hata vikitegemeana kabisa, unakosa vyote pale tu unapokosa kile cha chini, yaani 5%. Ngazi inakulinda hata siku mambo yanapoenda mrama kote kwa pamoja. Tena haikunyimi ndoto, kwa sababu chuo cha juu bado kimo.

Wanauchumi wamelichimba jambo hili kwa miaka. Mwaka 2006 Hector Chade na Lones Smith walichapisha kwenye jarida la Econometrica makala kuhusu mtu anayelazimika kuomba sehemu kadhaa kwa wakati mmoja huku kila ombi likiwa na gharama. Njia yao ni ya kuongeza kimoja kimoja: anza na chaguo lenye thamani kubwa likiwa peke yake, kisha kila unapoongeza jiulize hiki kipya kinaongeza nini juu ya vile ulivyo navyo tayari. Kwa kipimo hicho chuo cha pili kinachofanana na cha kwanza kinaongeza kidogo. Walichukulia kwamba majibu hayategemeani. Waliokuja baada yao, S. Nageeb Ali na Ran Shorrer, wakaangalia hali ya majibu yanayotegemeana, ambayo ndiyo yetu hasa. Hapo kuchanganya vyuo vya juu na vya chini kunapata nguvu zaidi.

Basi ngazi ni nzuri. Lakini ili uijenge lazima ujue kila kidato kiko urefu gani, na hapo ndipo ninapougombeza mwongozo wetu. Hauonyeshi alama za mtu wa mwisho aliyechaguliwa mwaka uliopita. Safu hiyo haipo. Majirani zetu Kenya wana mfumo wa pamoja wa KUCCPS, na mwanafunzi anapofungua kozi anaona alama za kukatia za miaka iliyopita. Anaweza akakosea bado, ila anakosea akiwa ameona. Kwetu anayejua mstari wa mwaka jana ni yule mwenye kaka chuoni, au anayesoma shule ya Dar es Salaam yenye mwalimu anayefuatilia. Mtoto wa mchimbaji mdogo wa Katoro anakisia. Kwa maoni yangu huu ndio upungufu mkubwa kuliko yote, na hauhitaji utafiti mpya kuuondoa: vyuo vinapeleka majina ya waliochaguliwa TCU kwa uhakiki kila awamu, kwa hiyo takwimu zipo.

Kuna hoja ya kupinga, na ina uzito. Kwa kozi ya masomo mawili, alama zinaanzia 4 hadi 10, ukihesabu namba nzima ni ngazi saba tu. Watu wengi watalingana. Chuo kikisema "mwisho mwaka jana ilikuwa 7", waliokuwa na 7 huenda nusu walipata na nusu walikosa kwa kigezo kingine, mfano daraja la Hisabati. Na mstari unahama mwaka hadi mwaka. Sawa. Lakini dawa ya namba isiyo kamili ni kuieleza, kuweka miaka mitatu badala ya mmoja. Kuificha kunamwacha mtu na 4.0, ambayo ndiyo inayopotosha kuliko zote.

Jambo jingine ambalo kitabu hakiwezi kulisema kwa sababu kimepangwa kwa vyuo: majina ya kozi. Mtu ameshika "sayansi ya kompyuta" tu, akiona neno jingine anapita. Pale UDOM, kwenye chuo chao cha CIVE, kuna uhandisi wa programu, mifumo ya taarifa, mitandao na usalama wake. DIT wana uhandisi wa kompyuta. IFM na IAA ya Arusha, ambazo kwa masikio ya wengi ni vyuo vya uhasibu, wana sayansi ya kompyuta yenyewe. Miaka mitatu au minne baadaye, mgodi wa Geita au Bulyanhulu unapotafuta mtu wa kutunza mfumo wa kufuatilia malori au kanzidata ya sampuli za miamba, utauliza unaweza kufanya nini. Kwa mkoa wetu, kupuuza kozi jirani ni kujikatia kidato cha katikati cha ngazi.

Chuo cha uhakika nacho kiwe cha uhakika kweli. Barua ya udahili haiji na mkopo. HESLB wana dirisha lao na vigezo vyao, na bumu la shilingi 10,000 kwa siku la chakula na malazi ni la aliyepangiwa. Chuo utakachokubaliwa kwa 95% lakini huwezi kukilipia bila mkopo, uhakika wake ni ule wa mkopo, si 95%. Piga hesabu ya nauli ya Geita hadi Mbeya mara nne kwa mwaka kabla hujakiita salama. Kidato cha chini kabisa kwa wengine ni stashahada, ambayo ukimaliza na wastani wa 3.0 inakufungulia shahada. Sifa hizo zimo kwenye mwongozo mwingine wa TCU, wa wenye sifa linganishi, ambao wa Kidato cha Sita hawaufungui kwa sababu jina lake haliwahusu.

La mwisho ni la kawaida kabisa, ila linaangusha watu. Matokeo yanapotoka wengi wako JKT, simu hawana mkononi, na maombi yanajazwa na ndugu au kijana wa steshenari. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kwenye simu au barua pepe iliyojazwa kwenye ombi, na siku za kuthibitisha zinahesabika. Kama namba iliyojazwa ni ya kijana wa steshenari, orodha yako yote nzuri inategemea kama atakukumbuka. Weka ya mama, na umwandikie kwenye karatasi umechagua chuo kipi kwanza.