Banda la Bata Mzinga Hukaguliwa Magharibi

Wafugaji wanaonialika kutazama mabanda yao huniita saa nne asubuhi, pameshafagiliwa na maranda mapya yananukia. Mimi huomba nije saa kumi na mbili jioni. Asubuhi utaiona kazi ya fundi tu. Jioni ndege wenyewe watakwambia wanaionaje. Giza likianza kuingia, bata mzinga hunyoosha shingo, hupima kwa jicho moja, kisha kwa la pili, ndipo huruka. Wakielekea mwembeni au juu ya bati, basi banda hilo, hata likiwa la tofali za kuchoma, wamelikataa.

Tusiwalaumu. Bata mzinga wa mwitu, kule Amerika ya Kaskazini, hushinda chini akichakura na kulala juu ya miti. Hawa wetu hamu hiyo wanayo bado, ila mwili umebadilika: dume mweupe wa kisasa, yule mwenye kifua kipana, hupita kilo 15. Kupanda ni shida, na kushuka ni kishindo.

Kwa hiyo mkono wangu huanza kwenye ubao wa kulalia. Fito nyembamba ya kuku haifai, maana bata mzinga hulaza kifua juu yake usiku kucha; mfupa hubanwa na ngozi hutoka malengelenge. Ninachotaka ni mbao ya mbili kwa nne iliyolazwa upande wake mpana, kingo zimepigwa randa hadi hazikwaruzi kiganja. Banzi nalo ni zuri, tena rahisi, mgongo wa mviringo ukiwa juu, lakini libanduliwe ganda. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana. Usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya ubao. Kikitoka na vidoa vya damu, umeupata. (Hapa ndipo wenyeji wengine hununa, na chai huchelewa.)

Kimo kilinifunza kwa uchungu. Ubao wangu wa kwanza niliuweka juu ya kichwa changu, nikajisifu. Dume langu lilikuwa likitua kwenye sakafu ya saruji kila alfajiri. Baada ya wiki chache likaanza kuchechemea. Niliponyanyua mguu, katikati ya wayo palikuwa na kigaga cheusi, na uvimbe mgumu kama kokwa. Siku hizi kwa ndege wazito nataka ubao usiozidi goti, kiasi cha sentimita 50, na matandazo mazito pale wanapotua. Majike wepesi wapandishe zaidi ukitaka, ila mbao zote ziwe kimo kimoja. Ukizipanga kama ngazi, kila jioni watagombea ya juu.

Hewa huikagua kwa kuchuchumaa. Pua yako ikae walipo wao, si ulipo wewe. Macho yakiwasha, matandazo yameloa. Kuta tatu za waya zinatosha kwa sehemu zetu za joto, mradi urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisichungulie ndani, na upande inakotoka mvua uzibwe. Waya wenyewe uwe wa matundu madogo, uzikwe chini. Kicheche hachoki kuchimba.

Nikikuta kuku humo, ukaguzi umeisha. Kuku hubeba minyoo inayoeneza ugonjwa wa ini, wenyewe hawaumwi sana, bata mzinga wakafa. Kinyesi cha manjano ya kiberiti ndiyo dalili.

Nikilala kwa mwenyeji, alfajiri hurudi kutazama chini ya ubao. Jike huacha kinyesi kilichojisokota, dume kilichopinda kama ndoana. Vyote vikiwa kwenye mstari mmoja, familia nzima ililala juu. Vikirundikana kwenye kona, kuna aliyelala sakafuni, nami huanza kumtafuta mwenye mguu unaouma.