Kauli Tupu Iliyoiponza Siri: Vighairi vya Usiri katika Mkataba wa Vulcan na Martin Marietta

Mkataba wa kutunza siri ambao Vulcan Materials na Martin Marietta Materials, kampuni mbili za kokoto za Marekani, zilitiliana saini Mei 2010 zilipokuwa zikijadili kuungana, uliharibiwa na uamuzi mmoja wa waandishi wake, nao ni kukubali kwamba habari za mazungumzo zisitolewe "isipokuwa sheria ikilazimu", bila kueleza lazima hiyo ianzishwe na nani.

Vighairi vya usiri, yaani hali zinazomruhusu mhusika kutoa siri bila kuvunja mkataba, havina budi kutenganisha lazima inayotoka nje, kama samansi ya mahakama, na lazima ambayo mhusika hujiletea kwa tendo la hiari. Kifungu cha 4 cha mkataba huo kilitaja waziwazi ile ya kwanza, pamoja na wajibu wa kumwarifu mwenzake mapema kwa maandishi, lakini kifungu cha 3 kikabeba kauli ile tupu ya "isipokuwa sheria ikilazimu", kikiegemezwa kwenye cha 4 kwa maneno machache tu. Kwa upenyo huo Martin Marietta, ilipotoa Desemba 2011 ofa ya kuitwaa Vulcan bila ridhaa ya bodi yake, iliandika habari za mazungumzo ya faragha katika nyaraka ilizowasilisha kwa tume inayosimamia masoko ya hisa, kisha ikadai kwamba kanuni za tume ndizo zilizoilazimisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini aliyevua kwa hiari yake hawezi kusema kwamba ameamriwa kuoga.

Jaji Leo Strine wa Delaware alilazimika kuchambua historia ya majadiliano ndipo akaamua, Mei 2012, kwamba lazima iliyokusudiwa ni ile ya kutoka nje, na kwamba Martin Marietta ilifichua kupita kiasi tena bila kutoa taarifa. Akaizuia ofa kwa miezi 4, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakubaliana naye.

Kasoro hii hurudi kila rasimu inaponakiliwa kutoka jalada la zamani na kuitwa majadiliano. Kwa kulinganisha, Jaji Bankes wa Uingereza, katika shauri la Tournier la 1924 kuhusu siri za benki, alitaja vighairi 4 tu, yaani shuruti ya sheria, wajibu kwa umma, maslahi ya benki na ridhaa ya mteja, na kila kimoja kilionyesha chanzo chake. Ufasaha huo haujapatikana katika mikataba mingi ya leo yenye kurasa lukuki.

Kwa hiyo, anayejadili kighairi cha sheria asitie saini kabla hakijasema kwamba lazima itoke kwa mamlaka ya nje, kwamba mwenzake ataarifiwa kwanza, na kwamba kitakachotolewa ni kile tu kinachodaiwa.